Mama Yako Anapalilia kwa Pua

Mbweni,
Unguja.
20 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Bakar,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Ulfat na watoto, na kwamba joto la Maskati halijawakausha. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Masika yameondoka yametuachia matope na konokono, na sasa kipupwe kimeanza, alfajiri mtu hataki kutoka kwenye shuka. Shemeji yako Simai anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua, lakini msikitini anafika.

Nakuandikia kwa mkono, na atakuletea Hamad wa hapa mtaani anayekuja huko, kwa sababu kwenye simu sisemi nikamaliza. Kila nikikupigia mama yako ananisikia, hata nikijifungia jikoni. Nikianza tu, "Bakar, mama yako…" anaitika kutoka uwani, "Mama yake kafanya nini?" Basi leo nasema mpaka mwisho, na wewe utasoma mpaka mwisho.

Nianze na bustani, maana ndiko yalikoanzia. Unakumbuka uwani kwetu palivyokuwa, mchanga na makumbi matupu. Mama yako, mama mdogo wangu, alipomaliza eda ya marehemu baba yako akahamia kwetu kutoka Uroa, tukaigawa bustani. Mimi nikachukua upande wa mboga: mchicha, bamia, bilingani, nyanya. Yeye akataka maua na majani ya kunukia. Akapanda asumini, mawaridi, mrehani, nanaa, mchaichai, na mkilua mmoja aliokuja nao kutoka Uroa ameupakata ndani ya gari kama mjukuu.

Vyake vikastawi, mashaallah. Vyangu, Bakar, vilinitia wazimu. Nikiotesha, miche ikifika kimo cha kidole, asubuhi naikuta imeng'olewa na kulazwa pembeni ya tuta, mizizi juu. Kwanza nikalaumu kuku wa Bi Shemsa, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nikaweka wavu. Miche ikang'oka ndani ya wavu. Nikamwambia Bi Shemsa maneno kuhusu kuku wake, naye akanijibu maneno kuhusu ulimi wangu, tukanuniana hata salamu zikawa za kulazimisha. Maskini kuku wa watu, hawakuwa na kosa lolote.

Siku moja nimewahi kurudi sokoni, namkuta mama yako amechuchumaa katikati ya tuta langu la bamia. Anang'oa mche mmoja baada ya mwengine, taratibu, na dua anasoma.

"Mama mdogo! Bamia zangu hizo!"

Hata hakushtuka. Alichuma jani, akalifikicha, akalipeleka puani. "Halinuki hili," akasema. "Gugu tu."

"Gugu? Hulioni kuwa ni bamia?"

"Kama bamia mbona umelipanda katikati ya magugu?"

Nikatoa nyanya kapuni, nyekundu kama damu, nikamwekea mbele ya uso nimuulize kama na hii nayo ni gugu. Hakuitazama. Alitazama upande wa bega langu akasema, "Mbona umenyamaza, Bashira? Umeondoka?"

Nikakaa kwenye tuta lile lile, juu ya bamia zilizobaki.

Kumbe mama yako alikuwa haoni. Uwani mwote alikuwa anapalilia kwa pua! Jani lenye harufu analiacha, lisilo na harufu analing'oa, na mchicha wangu, wallahi, hauna harufu yoyote.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kumtoa si kazi kubwa. Mama yako akamshukuru kwa adabu zake zote, akashuka ngazi kanishika mkono, na tulipofika nje akanambia, "Bakar kasema nisikubali kisu."

Sasa hapa, mdogo wangu, ndipo nilipotaka kupanda ndege nije nikuvute masikio. Ulikuwa unajua! Alikwambia kwenye simu kwamba anaona ukungu, ukakaa na habari hiyo kimya, mie niliye naye nyumba moja hukunambia neno. Ukamhadithia habari za mtu wa huko sijui nani, aliyepasuliwa akapofuka. Halafu ukamletea kichupa cha matone ya asali, akawa anatia kila baada ya sala, kope zinagandana, na mie nikiuliza anasema ni ya mafua.

Niliomba. Simai aliomba. Daktari mwenyewe alizungumza naye kwa upole, kama mwanawe wa kumzaa. Jibu lilikuwa moja tu: Bakar kasema. Bakar kasema, Bakar kasema, kana kwamba wewe umesomea macho, si muuza vipuri vya magari!

Na bustani hakuiacha. Alimwagilia viatu vya Simai vilivyoanikwa ukutani. Alimwagilia paka. Chai ya mchaichai akatutilia majani mengine, hata leo sijui yalikuwa nini, tukashinda siku nzima tunapishana mlangoni mwa choo. Nikimwambia "Kaa, mama mdogo, pumzika," ananijibu kwamba aliyepumzika ni marehemu.

Ikaja harusi ya Maisara, binti wa Bi Shemsa, baada ya Idi. Bi Shemsa, pamoja na kununa kwetu, alikuja mwenyewe kumwomba mama yako amtungie bibi harusi koja la asumini la shingoni na vikuba, vishada vya kunukia vya kuvaa jamaa. Unajua sifa yake. Toka Uroa mpaka mjini hakuna mkono uliokuwa ukitunga kama ule. Na kweli, alitunga kwa vidole vitupu, bila ya kuona, likatoka koja ambalo hata mimi niliyekuwa nimechoka naye nilisimama nikalitazama.

Nikamwambia, "Hebu nilikague kidogo kabla hatujalipeleka."

"Unanifundisha kutunga asumini mie?" akasema, akalifunika kwa kitambaa chenye maji.

Ile asumini, Bakar, imepanda juu ya mndimu, na mvua zile za masika wale chungu wekundu, majimoto, walikuwa wamejenga humo humo. Yeye alichuma na majani yake, akatunga, nao wakakaa ndani, wamejikunyata kwa baridi ya kitambaa.

Ukumbini palikuwa na joto. Maisara amekaa juu ya kiti chake, amenyooka, macho chini, kama anavyotakiwa bibi harusi. Akaanza kujipapasa shingo kidogo, kwa heshima. Mara akajikuna. Mara akaruka wima, akalivua koja akalitupa, linamwangukia mamake mume, naye akaruka. Wanawake wakapiga kelele, walio nyuma wakadhani ni vigelegele wakavipokea. Mtoto wa watu shingo yote imevimba.

Mama yako alikuwa kiti cha mbele. "Kuna nini? Bashira, kuna nini?" ananivuta buibui. Kabla sijamjibu, mwanamke mmoja nyuma yetu, wala hatumjui, akasema kwa sauti, "Nani huyo katunga? Kipofu?"

Mkono wa mama yako ukaniachia. Pilau ya harusi hakuigusa. Asubuhi yake nilipomwamkia shikamoo, alikwisha kuvaa buibui lake, amekaa kibarazani, mkoba mapajani.

"Marahaba. Nipeleke kwa yule daktari."

"Na Bakar?" nikamuuliza. Nisamehe, lakini sikuweza kujizuia.

"Bakar hakuwapo harusini."

Wakampasua jicho la kulia. Ilikwisha hata chai niliyonunua nje haijapoa. Kesho yake wakafungua bendeji, nesi akamuuliza, "Bibi, unaona nini?" Mama yako akapepesa, akageuka, akanitazama mimi. Akanitazama mpaka nikaona haya, kama mtu aliyekuja kuposwa.

"Bashira," akasema. "Kumbe umezeeka."

Nililia, nikacheka, nesi akanipa ile pamba iliyowekwa kwa ajili ya mgonjwa.

Usidhani matatizo yamekwisha. Daktari kamkataza kuinama, kamkataza vumbi na maji kuingia jichoni. Alfajiri ya pili nikamkuta uwani na miwani yake myeusi, anataka kushika jembe. Tumegombana, nimeshinda, na ushindi wenyewe ni kwamba sasa yeye anakaa kwenye kiti na mimi ndiye ninayeinama. Anasema tuta langu limepinda. Bilingani zangu nimezibananisha. Nyanya zina wadudu, nilikuwa wapi? Mie, Bakar! Miezi yote ile ananing'olea mboga, leo ananiuliza mboga zimekwenda wapi!

Kwa Bi Shemsa tulikwenda kuomba radhi. Maisara alicheka mpaka akajishika mbavu. Shingo imepona na mumewe anamwita Majimoto. Na mimi na Bi Shemsa tumesameheana, kuku na wao wamesamehewa.

Limebaki jicho la kushoto. Daktari yuko tayari, mie niko tayari, Simai kakubali kutupeleka na goti lake. Mama yako amekataa. Nikasema moyoni, haya, imeanza tena, Bakar kasema nini safari hii? Nikamwuliza kwa ukali kama bado anaogopa kisu.

"Siogopi kisu," akasema. "La kwanza nimelifungulia kwako, nimekuta umezeeka. La pili nataka nimfungulie mwanangu, kabla na yeye hajazeeka."

Jibu la hilo unalo wewe.

Msalimie Ulfat, na wanao uwabusu kwa ajili yangu. Simai na Bi Shemsa wanakusalimu. Mama yako hajui kama nakuandikia, ingawa sasa hivi amesimama dirishani ananiuliza ni nani huyo ninayemwandikia kurasa zote hizi. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia ya kuja.

Ni mimi dada yako, niliyechoka nawe na nikupendaye,
Bashira