Kaka, Nimepima Choo

Tunduma, Juni 2025

Kaka,

Huu ni mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke Ileje, na wa pili tangu utuache. Mizigo ya kurudi kwenye nyumba uliyoniachia nilishafunga. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, yule muuguzi, akasema nipime choo kwanza, maana saratani ya utumbo mpana ikishamuua mtu, ndugu zake wa damu wasingoje dalili.

Unamjua, ni Mndali wa kwetu, na mila ameishika hata hapa mjini: hatutazamani, hatusemezani. Sasa habari za choo atanieleza vipi? Alisimama uani, akanipa mgongo, akaongea na kuku.

"Nyie kuku, mwambieni baba atandike mfuko safi, choo kisiguse maji wala mkojo. Achome kijiti sehemu kadhaa, akirudishe kwenye kichupa, atikise. Na msinicheke!"

Nami nikawauliza kuku: nyama ya ng'ombe niliyokula jana haitakidanganya kipimo? Wakajibu kwamba hiki kinatambua damu ya binadamu, hata ile ambayo jicho halioni.

Hilo limenishangaza kuliko mengi niliyosoma. Matone machache kwenye kidude cha plastiki, unasubiri kama unayepoza chai, mstari unajitokeza. Wewe damu uliiona kabisa, ukasema, "Ni bawasiri tu, mdogo wangu," ukaendelea kuchimba mizizi ya dawa. Natamani kujua ingekuwaje kama kidude hiki kingekufikia mapema, kabla hujaona chochote.

Mstari mmoja maana yake damu haikuonekana. Yangu ilikuwa miwili.

Nikawaonyesha kuku. Kisha wakasema, kwa sauti ya chini, kwamba kipimo hakitaji saratani, kinataja damu tu, na huenda kweli ni bawasiri. Lakini lazima niende Mbeya, waingize kamera watazame, na baada ya hapo nisikae mbali na hospitali. Wewe mwenyewe unajua barabara ya kwako ilivyo masika. Tulikubeba kwa machela hadi kwenye gari, na ulikuwa umeshachelewa.

Naogopa, kaka. Lakini hamu ya kujua imezidi woga.

Mwanao mkubwa nitamweleza mwenyewe, waziwazi, naye apime. Hilo nakuahidi. Kahawa yako ataitunza yeye. Pumzika.

Mizigo nimeifungua. Jumatatu naenda Mbeya. Ileje sitarudi.

Mdogo wako