Raba za Kikapu za Kupandia Mlima

Jumamosi, 4 Julai 1992
Sokoni tena. Unga, mafuta ya taa. Nikarudi na raba. Nyeusi, za turubai, shingo ndefu mpaka juu ya kifundo, na duara jeupe lenye nyota ubavuni. Belo la mitumba lilikuwa linafunguliwa, nami mwalimu mzima nikainama na vijana kupekua. Jumamosi ijayo walimu wa Msamala tunacheza mpira wa kikapu na wenzetu wa Mfaranyaki. Kitambi ninacho, sasa na viatu ninavyo. Mke wangu, Mama Stella, kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumapili, 5 Julai
Siku hizi ukuta anaushika hata asipocheka. Aliteleza bustanini Machi, akavunjika kifundo. Plasta ilitolewa Mei, daktari kasema mfupa umeunga. Yeye haamini. Akitembea, mwisho wake ni chooni. Leo zimekuja habari kutoka Madaba: mama yake anaumwa, anamuulizia. Kutoka barabarani mpaka kwa mkwe ni mlima, hakuna gari.
"Nenda wewe, Baba Stella," akasema, akageukia ukutani.
Niliumia.

Jumatano, 8 Julai
Bruda wa misheni kaziona raba, macho yakamng'aa. Ujanani alicheza nazo. Anasema Wamarekani warefu wote walivaa hizo kabla ya viatu vya ngozi kuja. Kulikuwa na bwana mmoja akizunguka mji kwa mji, anafundisha kikapu huku anauza viatu. Kumbe machinga! Na lile duara si pambo. Liliwekwa kukinga mfupa wa kifundo. Shingo ndefu ni ya kushika mguu usipinde.
Nimerudi nyumbani haraka. Sijui kwa nini sikuliona mwenyewe.

Alhamisi, 9 Julai
Miguu yangu midogo, utani wa ndoa nzima. Leo imefaa. Kwa soksi mbili, raba zinamkaa Mama Stella sawasawa.
"Nipite mbele ya wanakwaya na viatu vya wahuni?"
Kazivua. Kazisukuma chini ya kitanda. Nimeziacha hapohapo.

Ijumaa, 10 Julai
Habari za Madaba tena. Mkwe wangu, bibi yake Stella, hali chakula. Naogopa. Mama Stella akimkosa mama yake, hatajisamehe.

Jumamosi, 11 Julai
Tumefungwa. Nilicheza na viatu vya darasani, nikateleza, nikakaa chini kama gunia la mahindi. Uwanja mzima ukacheka. Kicheko kimoja nikakitambua. Mama Stella, kasimama kwenye mstari, kitenge juu, raba chini, kazifunga mpaka shimo la mwisho. Katembea toka nyumbani peke yake.
"Inuka, mzee. Kesho tunasafiri."
Sikuinuka mara moja. Macho yalikuwa na maji, nikasingizia vumbi.

Jumapili, 12 Julai. Madaba
Baridi kali. Mlima tumeupanda polepole, tukipumzika mara nyingi, nyingi zikiwa kwa ajili yangu. Nimempa mkwe shikamoo toka mlangoni, kama ilivyo adabu, nikakaa nje.
Nawasikia. Bibi haoni vizuri, anapapasa kwa mikono.
"Hivi ni viatu gani, mwanangu? Vya askari?"
"Vya mpira, mama."
"Vua nikuone mguu."
Nasikia raba zikivuliwa. Kisha bibi kaomba uji.
Nimeingia jikoni kuchochea moto.