Bahia wa Magoudjou, Aliyeipinga Anda Kisha Akaipokea

Siku ya hitima yako mbuzi ya nazi ilianza kukwaruza kabla ya adhana ya alfajiri. Alikuwa mdogo wako Moina, akikuna nazi za wali. Mwaka ulikuwa umetimia, mjukuu wetu Bahia, tangu homa ikuchukue katika chumba hiki hiki, mlango wa barazani ukiwa wazi kwa sababu ulitaka kusikia watu wakipita.

Tunakuandikia kwa Kiswahili, kile nilichorudi nacho kutoka Unguja na kukulea nacho, mimi Koko wako, kama ulivyozoea kuniita bibi yako. Gazeti hili wanalichapa ndugu zetu wa Mombasa. Hapa Moroni wale askari wa kizungu wa kukodiwa wangali wanalinda ikulu, na jina lako bado haliruhusiwi kupigwa chapa. Kwa hiyo tunazungumza nawe kwa kupitia ng'ambo, ingawa kaburi lako tunalifikia kwa miguu.

Ulikuwa ukiandika saa kama hiyo ya nazi. Ulisema mkwaruzo unakuzuia kusinzia. Ukichoka, ulikuja kuninyang'anya kifuu: "Koko, pumzika, umeanza kukuna vidole."

Wanawake wa mtaa wetu wa Magoudjou walikuletea barua za waume zao kutoka Marseille uwasomee. Wewe uliyekuwa mkali kwenye karatasi zako ulikuwa laini kwenye karatasi za watu. Barua iliyokuja bila salamu, uliitia salamu. Bi Mariama wa nyumba ya pili aliishi miaka mingi na maneno matamu ambayo mumewe hakuyaandika hata siku moja. Mungu amrehemu, naye amekwisha kufa, ndiyo maana tunathubutu kulisema.

Kitabu chako kilikuwa chembamba, kimepigwa taipu huko Mutsamudu, kisiwa cha pili, ulikokuwa unasomesha, kikapita mkono kwa mkono. Ulikiita Nyumba Yangu, Ufunguo Wake. Kwetu nyumba ni ya binti. Wajomba huijenga, mume huja kuhamia. Wageni hutusifu sana kwa hilo. Wewe ukauliza: mbona mwenye nyumba ndiye asiyetoka?

Swali hilo limewagombanisha watu mpaka leo. Wako wanaosema hakuna aliyetusemea vizuri kuliko wewe. Wako wanaosema ulituvua nguo mbele ya watu. Sisi jamaa zako hatukukubaliana nawe kwa kila neno. Mjomba wako Soidri alisema umetia chumvi. Mimi nami niliona umesahau kuandika jinsi tunavyocheka ndani ya nyumba hizo, nikakwambia. Ukanibusu mkono. "Hayo nakuachia wewe, Koko."

Kisha likaja la Moina. Anli alimposa, na kwao walitaka anda, ile harusi kubwa ya dhahabu na ng'ombe inayompa bwana harusi mahali pa kukaa na wakubwa wa mji. Lakini mdogo hafanyiwi anda kabla ya dada yake mkubwa, na dada mkubwa ndiye wewe, uliyeandika kwamba anda ni kamba iliyopakwa dhahabu. Nyumba nzima ikakwama. Moina hakukulaumu kwa neno. Alikaa dirishani akidarizi kofia ya Anli, akiifumua, akiidarizi upya, na kila mtu akajifanya haoni.

Siku moja wakati wa chakula ulisukuma sahani. "Mjomba," ulisema, "nitafutie mume."

Mjomba Soidri akapaliwa na wali. "Mume gani?"

"Yeyote anayejua kusoma na asiyekoroma."

Tulicheka mpaka Moina akaanza kulia. "Usifanye kwa ajili yangu, dada."

"Sasa nifanye kwa ajili ya nani? Ya ng'ombe?"

Ibouroi wa posta, aliyekuwa amekungoja siku nyingi bila kuthubutu kusema, alijua anachokipata. Ulimwambia mbele yetu sote: "Sijafuta hata mstari mmoja." Akajibu kwa upole wake: "Sikuja kuoa mistari, Bahia." Tangu siku ile tulimpenda.

Walipokuvika dhahabu uliniinamia ukaninong'oneza: "Koko, nishike, nisije nikaanguka kifudifudi." Wageni walidhani unaomba radhi. Ukakaa ndani kama bibi harusi anavyokaa, na mara kwa mara nilikuona ukiweka kiganja ukutani, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Mimi nilikuletea chai. Sikuwa na kingine cha kukuletea.

Katika karamu ile mmoja wa wale wazungu aliketi kwenye mkeka wa mbele, katikati ya wazee, buti zake miguuni. Hakuna aliyemwalika na hakuna aliyeweza kumwambia ainuke. Mjomba alimpa nyama iliyonona. Ulikiandika kisa hicho mara tu ulipotoka ndani, nacho kikapita mkono kwa mkono. Hapo ndipo watu wa mtaa walipokukasirikia kuliko kwanza: "Amekula wali wa anda, sasa anautemea mate!" Hapo pia ndipo wale askari walipokuja kukuchukua. Walikurudisha umekonda, nao wakakukataza kupanda ndege ya kwenda Ouani, kiwanja cha kisiwa kile. Mutsamudu yako, na wanafunzi wako, na ile njia ya Patsy uliyopenda kuipanda asubuhi, ukawa unaviona kwa kufumba macho tu. Ukatoka chumbani ukaenda jikoni, ukatoka jikoni ukaenda barazani, kisha ukarudi. Nyumba yako ikawa vile vile ulivyoiandika, ila sasa wote tulikuwa ndani yake.

Umekufa, na watu hawajakuacha utoke.

Kabla ya hitima alikuja fundi wetu, yule mwalimu wa dini aliyekufundisha alifu. Jina lake hatulitaji, maana ni mtu mwema, na ulipougua aliuliza hali yako kila siku. Alikaa barazani, akazungusha tasbihi.

"Mama, hitima nitaisoma mimi. Lakini nitawaambia watu kwamba binti alitubu, na anda yake ndiyo ushahidi. Wewe utaitikia amina."

"Na nisipoitikia?"

"Mama, mimi nina mji mgongoni. Nisipokuitikisha wewe, wataniitikisha mimi." Akatazama chini. "Ukikataa, siku hiyo nitapata udhuru."

Tulielewa. Asipokuja yeye, mtaa hauji. Usipokuja mtaa, wakwe wa Moina, aliyefanyiwa anda yake na Anli baada ya yako, nao watasema wameoa katika nyumba iliyosuswa.

Kesho yake akafika Nourdine, mwalimu mwenzako wa Mutsamudu, hotuba imemjaa mfukoni. Ndiye aliyekinakili kitabu chako kwa mkono baada ya wale askari kuichukua mashine ya taipu, na amekataa tulifiche jina lake.

"Koko, sisi tunataka kusema alilazimishwa. Au harusi tusiitaje kabisa. Inatuharibia."

"Inawaharibia nini? Wali wake uliula, mwanangu. Nilikupakulia mara mbili."

Akashika kichwa. "Lakini wasomaji wake hawataelewa!"

"Basi waelezwe."

"Wataelezwa na nani?"

Nikavuta ungo wa mchele. Mmoja anakutaka umepiga magoti, mwingine anakutaka umefungwa kamba, na wote wawili wanakupenda. Nilikaa katikati yao nikichambua mchele. Nilijua nikimpa fundi neno lake, Moina atapona na aibu, nawe utalala chini ya uongo. Nikimnyima, utalala salama, na anayebaki juu ya ardhi ataulipia ukweli wako. Sikujua nimlinde mjukuu yupi. Sikumwitikia fundi, wala sikumkatalia. Nilisema tu, "Mungu atatuonyesha," na hilo si jibu.

Siku ya hitima fundi hakuja. Mikeka ya wanaume ilibaki wazi, mingi mno kwa watu wale wachache. Wakwe hawakuonekana. Ndipo Ibouroi mumeo alipokwenda kuketi mahali pa fundi, akafungua juzuu, akaanza. Nourdine alikaa ubavuni pake akisoma naye, na kila alipokwama, Ibouroi alimngoja bila kumtazama, ili asione haya. Wema wa namna hiyo ungeuandika.

Kabla ya dua Nourdine alikohoa, akatia mkono mfukoni. Sauti ya Moina ikatoka upande wetu wa wanawake.

"Kaka Nourdine, ngoja. Dada yangu hakutubu. Wala hakufungwa na mtu. Aliijua anda, aliichukia, akaipokea ili mimi nipite. Wanaotaka kumsifu wamsifu hivyo. Wanaotaka kumlaumu wamlaumu hivyo. Asiyeweza, anyamaze ale wali, nazi nimekuna mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka, nadhani ni Mjomba. Nourdine akautoa mkono mfukoni mtupu, akauinua kwa dua.

Tangu siku hiyo wakwe hawajaleta salamu. Anli huja na kuondoka bila kutazama watu usoni, lakini huja. Moina anasema atavumilia. Wewe ulivumilia zaidi, anasema. Sipendi kulisikia neno hilo kinywani mwake, Bahia, maana nililisikia kinywani mwako.

Wanaokukumbuka ni mumeo Ibouroi. Mdogo wako Moina na shemeji yako Anli. Mjomba Soidri, ambaye ametaka iandikwe kwamba bado anasema ulitia chumvi. Nourdine na wanafunzi wako wa Mutsamudu. Na mimi Koko wako, Djaouharia. Mola akujaalie nyumba pana yenye kupitisha hewa. Maadamu mmoja wetu ana pumzi, utatajwa kama ulivyokuwa.

Na hili lipokee, maana ungependa kulijua. Juzi mama mmoja wa mtaa wetu aliniita kwake wakati mumewe yuko msikitini. Majina nayahifadhi. Binti yake mkubwa ameposwa na hataki, na wadogo nyuma yake wanangoja. Walinikalisha kitandani, wakaniletea mkate wa kumimina, nikawasimulia habari zako, za kuchekesha na zisizochekesha. Yule binti hakuniuliza kama ulifanya vema au vibaya. Aliuliza, "Alikuwa akiogopa?"

"Kila siku," nikamwambia.

Akasogea karibu nami. Niliposimama kuondoka alinishika ncha ya shiromani niliyojitandia, hakuiachia.

"Koko, hujamaliza," alisema. "Uje tena."