Mguso Chini ya Shali

Jumapili. Joto la leo Garissa halina adabu. Feni inanirushia hewa ya moto tu.

Kesho nawasilisha utafiti wangu wa usimamizi wa biashara. Mwalimu wetu, mgeni hapa, alichoka na mifano ya makampuni ya ng'ambo, akatutaka tuandike jinsi watu wa kwetu wanavyofanya biashara. Mimi huyo, mbio hadi soko la mifugo. Abti, yaani mjomba wangu, ni dalali pale. Nikajiona nimeshapita.

Dalali na mnunuzi hawatamki bei. Wanashikana mikono chini ya shali, vidole vinazungumza, na waliosimama kando hawaambulii kitu. Hilo kila mtu hapa analijua. Lakini siku moja, sebuleni kwetu mtaa wa Galbet, Abti alinishika mkono akanionyesha mguso mwingine. Unamwambia mnunuzi kwamba mwenye mbuzi ana mgonjwa au msiba nyumbani, asimbane kwa bei. Muuzaji mwenyewe hajui kuwa amehurumiwa. Anaondoka na heshima yake.

Ni mguso gani, siandiki hapa.

Kwenye utafiti niliuandika. Ukurasa mzima, na mchoro juu!

Mwalimu ameupenda mno, anataka nianze nao kesho. Na nusu ya darasa ni watoto wa wafanyabiashara wa soko lile lile. Wakishaujua, kila mjanja atautumia, na hakuna mnunuzi atakayeuamini tena. Mwenye shida ya kweli atabanwa kama wengine.

Naogopa kufeli. Abti namwogopa zaidi, na yeye hata hajui kuna nini.

Mchana nimempigia kuomba ruhusa. Sikufika mbali.

"Andika tu, abti," akanikatiza. Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo. "Nimeshawaambia sokoni, mtoto wangu anatuandika vizuri."

Hakuuliza nimeandika nini. Wallahi, afadhali angenigombeza.

Nimeufuta ukurasa. Nimemwandikia mwalimu kwamba kesho hautakuwepo, na sababu siwezi kuisema. Ujumbe umesomwa, alama zimegeuka buluu. Alasiri imepita na bado hajajibu.

Nimejaribu kuusoma utafiti uliobaki kwa sauti. Unakwenda vizuri, halafu ghafla unapwaya, na yeyote mwenye masikio atauliza hapo palikuwa na nini. Wakiuliza, nitasimama mbele yao wote nikae kimya, kama watu wa soko letu.