Shoka Ndani ya Gereji

Mwalimu,

Shikamoo. Marahaba siitegemei, lakini mkono umegoma kuandika kabla sijakuamkia.

Nyumba yako ya Garland imeuzwa. Mwanao Latha hana kosa; kazi yake iko Houston, angeikalia nani? Mnunuzi akataka shimo lifukiwe. Lile ulilochimba mwenyewe uani, futi nne kwenda chini, ukisema kalari, uwanja wa mapigano wa kwenu Kerala, India, haujengwi juu ya ardhi kama duka. Lori la udongo likaja Jumamosi. Nilitazama mpaka mwisho. Sikulia. Nilikasirika, nikakukasirikia hata wewe, eti ufe bila kuniambia wanafunzi wako niwapeleke wapi.

Unakumbuka tulivyobishana juu ya asili ya sanaa hii ya mapigano? Wewe mwalimu wa hesabu, uliyefundisha Morogoro mpaka ukajua kutukana kwa Kiluguru, ulikuwa unawaambia watoto kwamba Parashurama, shujaa wa hadithi zenu, alirusha shoka baharini, maji yakarudi nyuma, Kerala ikatokea, naye akaanza kufundisha watu kupigana. Nikakuambia, "Mwalimu, hizo fiksi." Ukakubali bila aibu kwamba wanahistoria wanataja vita vya wafalme wa zamani kuwa ndiyo asili yake.

"Hayo weka wewe kichwani," ukasema. "Watoto wape shoka."

Nikaapa siwapi ng'o.

Basi, wiki moja baada ya lori, wanafunzi wako wanne walikuja kwangu Lewisville. Nilikuwa nimetoa gari gereji, nikamwaga ndoo mbili za udongo wa shimo lako, nilizochota kabla lori halijafika. Saruji haichimbiki. Neema, yule wa miaka saba, akagoma mlangoni. Akasema kwa Kiingereza kwamba hii si kalari, ni gereji. Wenzake wakaanza kuvaa viatu. Nikaona darasa lako linakufa mbele yangu.

Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Zamani hapakuwa na mahali pa kusimama. Palikuwa na maji tu. Akaja mtu na shoka."

Wakaacha viatu. Nilisimulia yote, hata bahari ilivyonguruma, na hilo nimeongeza mimi. Nilipomaliza, Neema akatanguliza mguu wa kulia, akagusa udongo, akagusa paji la uso kama ulivyowafundisha, akaingia.

Bado ni fiksi, Mwalimu. Lakini kila anayeanza nitamsimulia, nakuahidi, na akikua nitampa wale wafalme. Nimekukumbuka kuliko nilivyotegemea.

Kwaheri. Gari litaendelea kulala nje.

Mwanafunzi wako,
Rehema