Nyoka wa Kasulo Mwenye Kupiga Filimbi

Kwa Mama Kyungu, bibi yangu wa ndoa,

Mbele ya yote ujue hivi: mu Kasulo muzima hakuna mutu mwenye bahati kama mi. Bengine banachimba mwaka muzima, banapata matope tu. Mi nilifika, nikapata nyumba, nikapata jina, na sasa niko na nyoka. Usishike kichwa. Ni boa, yaani chatu, hana sumu, murefu kupita mulango, na ni wa kwangu. Hata shefu wa mtaa hana.

Sasa nikuulize: uliamka je? Mugongo unakuacha ulale? Na Kyungu, ile homa ilipita? Mudogo ameshatoa meno ngapi? Mi niko muzima, nguvu iko, hata tumbo inaanza kuonekana.

Nyoka niliuziwa na mutu mumoja mu njia ya Likasi. Mwenye kunitia moyo ni Tata Mukalay, muchimbaji wa zamani, anakaa mulango wa pili. Alisema nyoka ndiye mwenye mawe ya madini, na ukimulaza juu ya mawe, mengine itamufuata. Unanijua, bitu bya mababu ninabicheka, lakini kama biko na faida ninabicheka kwa sauti ya chini. Nikapepeta mavumbi nyeusi ya madini, ile laini kama unga wa bukari, nikajaza sanduku, nikamulaza ndani. Hakuna tajiri wa Kolwezi aliyelala kitanda cha bei kama ile.

Watu bakajaa kuangalia. Bananiita Patron wa Nyoka. Siku za kwanza alikuwa anatoa ulimi kila saa, kama mama anayeonja mboga ya mwenzake. Alikula panya mumoja. Kisha akaanza bitu byake. Akainua kichwa, akabaki hivyo. Nikaambia watu ni kiburi ya wakubwa. Akafungua kinywa, nikasema anacheka matani yangu. Mapovu ikatoka mudomoni. Halafu akaanza kupiga filimbi mu pua, fiii, fiii, nikaita majirani bakuje kusikiliza mwanamuziki. Mama mumoja mwenye kuuza mikate aliinama, akasikiliza, hakucheka.

"Baba Kyungu," alisema, "mutoto wangu alipiga ile filimbi." Akabeba beseni yake ya mikate, akaenda.

Mi nilicheka. Lakini kisha siku tatu nyoka akakataa panya. Ngozi ikaanza kutoka vipande vipande, kama rangi ya zamani ku ukuta, na jicho moja ikabaki imefunikwa. Nikamutia mu mufuko, nikapanda pikipiki mpaka Dilala, kwa dokta wa banyama. Dereva nilimuambia nimebeba mihogo. Mihogo ikajinyoosha mu njia, naye akaongeza mwendo bila kuuliza.

Dokta ni mama mumoja mufupi wa Kasai, maneno yake makavu.

"Ngozi ya nyoka muzima inatoka yote pamoja, kama soksi," alisema. "Hii imekatika. Na mbavu unaziona? Huyu ameanza kukonda."

Akafungua kinywa cha nyoka na kijiti. Ndani kamasi ya manjano ilikuwa inavutika, na mu kamasi kulikuwa nyuzi nyeusi.

"Kichwa juu, kinywa wazi: hii haiko kiburi, Tata. Nyoka hajui kukohoa. Anainua kichwa kwa sababu anatafuta hewa. Hii nyeusi anaitoa wapi?"

Nikamueleza kile kitanda. Nilimueleza na majivuno, hata.

Dokta akaweka mukono ku mbavu za nyoka, akainamisha sikio. "Nyamaza," akasema, na mi sikuwa nasema kitu. Tukasikia fiii. Tukangoja. Fiii tena. Akakunja uso.

"Nyoka anapumua, kisha anasimama. Sasa amesimama, mbavu haitembei."

Filimbi ikalia mara ya tatu. Akaniangalia.

"Hii ni ya kwako."

Nikasema basi korasi imetimia, tunakosa mupiga ngoma tu. Hakucheka. Alikamata kalamu.

"Sakafu ya nyumba yako ni ya nini?"

"Ni ile ile. Banatwangaka mawe mule ndani."

"Nani analala mule?"

"Ni mi. Na bibi yangu anakuja na batoto babili, treni ikipatikana."

"Ba miaka ngapi?"

"Mukubwa nne. Mudogo anatambaa."

Kalamu ikasimama. "Anatambaa," akasema, polepole, kama mutu anayesoma neno ku kaburi.

Nyoka alibaki kwake, mu sanduku safi, juu ya magazeti. Alisema pengine hatapona. Mi alinipa karatasi niende ku hospitali ya batu. Karatasi iko mu mufuko wa suruali, sijaenda. Nilirudi, nikafungua mulango, nikaona njia ya tumbo la nyoka mu mavumbi, toka sanduku mpaka pale nilipanga kuweka mukeka wa batoto. Nikafagia. Mavumbi ikainuka, ikashuka pale pale. Nikafagia tena.

Mama Kyungu, uliniandikia kwamba unauza mbuzi na kuacha shamba ya mihogo ili mukuje. Usiuze. Kama ulifunga mizigo, fungua. Kama ulishauza, kaa kwa mama yako, nitasikia haya lakini nitavumilia.

Musalimie yeye, mama mukwe wangu, aliyesema siku ya ndoa kwamba mudomo wangu utafika mbinguni mbele yangu. Musalimie mutoto wa baba mudogo, mwenye kuleta kuni. Kyungu umuambie nyoka alikuwa mukubwa, hii ni kweli. Na we, shemeji mwalimu, mwenye kumusomea dada yako hii barua: hapa chini usiruke, usilainishe.

Mwenye kuandika ni mume wako, Baba Kyungu.

Sina nyumba. Ile ni depo ya mawe ya mutu mwingine, mi ni mulinzi, bananiachia nilale ndani. Kifua inanishika tangu masika. Bahati niliyokuandikia ni uongo.