Shamba Nililokipa Chuo

Jumapili, 7 Juni 1998
Baridi. Nimefua, nguo hazikauki. Misa ya kwanza imekuwa ndefu bure. Baada ya baraka tulizuiwa kutoka, Mwalimu Theodori, katibu wa kamati ya chuo, akasimama na suti yake. Chuo kikuu kitajengwa hapahapa Songea. Akatufundisha namna za kutoa, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mwenye fedha atoe fedha. Asiye nazo atoe saruji, mahindi, kahawa, au nguvu zake. Unaweza kumlipia ada mwanafunzi kwa jina la marehemu wako. Unaweza kuandika wosia, ukifa chuo kirithi. Hapo nikacheka, watu wakanigeukia. Yaani mpaka nife ndiyo niwe na faida.
Unaweza pia kutoa nyumba au ardhi.
Hapo sikucheka.

Jumatano, 10 Juni
Shamba la Mjimwema. Lilikuwa la mume wangu, likawa la Kosmas mwanangu. Kosmas alikuwa na kichwa. Akaenda kusoma Dar kwa sababu hapa hapakuwa na chuo. Akaugulia huko, kwa watu. Wakamrudisha kwenye sanduku juu ya lori. Chuo kingekuwa hapa ningempikia uji mwenyewe. Basi. Sitaki mama mwingine apokee sanduku. Nataka lijengwe bweni pale, watoto walale karibu na kwao.
Benadeta, binti yake Kosmas, naishi naye, hajapenda. Eti, "Bibi, soko huria hili. Wenzako wanauza viwanja, wewe unagawa." Nimemwambia amenye mihogo. Mtoto wa kidato cha tatu anifundishe mimi soko.

Jumamosi, 13 Juni
Nimetoa.
Nimefanya kwa desturi, si kihuni. Kwetu ardhi ukimpa mtu unampa jembe mbele ya majirani, analima tuta moja, mnakunywa togwa. Inakuwa yake maadamu anaitumia kwa alichoiombea. Akiiacha, inarudi kwa mwenyewe. Halihitaji kuelezwa hilo, hata mtoto analijua.
Mwalimu Theodori alilima tuta lake na viatu vyeusi. Watu wakapiga vigelegele. Kisha akatoa karatasi na kidau cha wino, niweke dole gumba. Nimemsukumia kidau chake. Nimesoma darasa la watu wazima mimi. Nimeandika jina langu lote, herufi kubwa.

Jumapili, 16 Agosti
Waliotoa wamesomwa kanisani. Nilivaa kitenge kipya. Wa saruji walianza, wakapigiwa makofi. Wa mahindi. Hata wa kuku wamenitangulia. Mimi wa mwisho, watu wameshaanza kukusanya vitabu vyao vya nyimbo. Sijali. Nimejali.

Alhamisi, 15 Oktoba
Benadeta karudi mbio kutoka shule. Kasema kwenye shamba la baba yake kuna vigingi na kamba za fundi. Nikafurahi, nikasema bweni hilo. Nikaenda na kanga ya ndani ya nyumba, sikubadilisha.
Fundi kaniamkia vizuri. Nikamuuliza vyumba vya wasichana viko upande gani. Akashangaa. "Bweni gani bibi? Hii gesti ya Bwana Salumu." Huyo ni mnunuzi wa korosho, wa Tunduru. Kauziwa na kamati.
Sijala.

Ijumaa, 16 Oktoba
Nimekwenda ofisini kwa Mwalimu Theodori. Kaniita "bibi yangu". Kasema eneo la chuo limepatikana kwingine, kubwa, shamba langu lilikuwa dogo. Wameliuza wanunue vitabu. Ndivyo wanavyofanya duniani kote, mtu anatoa mali, chuo kinaigeuza kinavyohitaji. Eti nijivune, nimekuwa maktaba.
Nimemwambia, "Uliposhika jembe langu ulikuwa unalimia vitabu?"
"Ile ilikuwa desturi tu, bibi."
Tu.
"Na togwa je? Nayo desturi tu? Mbona uliomba kata ya pili?"
Karani akacheka akajifanya anakohoa. Mwalimu kaninyooshea karatasi yenye jina langu. Herufi kubwa zote. Zilivyonyooka. Nilitamani ningekuwa sijui kuandika.
Angeniambia tu. Angekuja nyumbani akakaa, akasema mama, bweni halitajengwa, turuhusu tuuze. Pengine ningekubali. Hakuona kama mimi ni mtu wa kuulizwa. Mtu ukishatoa umekwisha.

Jumapili, 1 Novemba
Watakatifu wote. Sikwenda misani. Nimekwenda kwa shemeji Gaudensi, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Kasema desturi iko na mimi, sheria iko na karatasi. Kisha kanikaribisha chai. Nikamwambia chai yake na busara yake vyote havina sukari. Wanaume wa ukoo huu waliisha siku nyingi.

Jumamosi, 28 Novemba
Mvua zimeshika. Gesti haijaanza, mafundi wamehamia kazi nyingine, vimebaki vigingi tu. Nimechukua jembe nimekwenda kulima. Chuo hakilitumii. Shamba limerudi. Atakayebisha aje anitoe.
Wapita njia wanasimama. Mke wa fundi kasema, "Bibi, hilo la watu." Nimemwambia hata yeye ni wa watu, mbona analala kwa fundi. Kaenda zake.
Mgongo unauma. Mchana Benadeta kaja na mbegu, kaanza kufukia nyuma yangu. Namgombeza anafukia juujuu. Anafukia vizuri, sijui kwa nini nilimgombeza.

Jumatatu, 4 Januari 1999
Mahindi yamefika magotini. Bwana Salumu kaja mwenyewe, na gari. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nayo ya kutosha.
"Shikamoo bibi."
Nikaitikia. Utafanyaje.
Kasema yeye alinunua kwa halali, hakujua habari za jembe wala togwa. Angejua asingetia mkono, maana kwao pia ardhi ya yatima haichezewi. Lakini fedha imekwenda, chuo hakirudishi. Nikamwambia nayo mahindi hayang'oki. Akayatazama.
"Basi vuna msimu huu, bibi. Chukua, ni sadaka yangu kwako. Baada ya hapo nijenge, inshallah."
Matusi yote yakanipotea. Bora angeyang'oa. Angeyang'oa ningelia barabarani, watu wakaona. Sasa nililie nini? Mtu kanipa shamba langu, msimu mmoja, kwa huruma, na mimi natakiwa nishukuru. Kasimama akisubiri.
Nimesema asante. Kwa sauti ndogo, ila nimesema.

Jumapili, 7 Machi
Kanisani wametangaza tena namna za kutoa. Niliondoka kabla hawajamaliza. Benadeta alibaki kusikiliza. Kasema chuo kikifunguliwa atataka kusoma. Namuombea apate.

Alhamisi, 11 Machi
Mvua tangu asubuhi. Tumevuna mahindi mabichi, tumeyachemsha. Benadeta kala matatu.
Nilidhani yatakuwa machungu. Matamu. Nami nimekula.